Sandwichi ya Debora

Asubuhi upepo wa Sumbawanga haumruhusu mtu kutulia. Stendi nzima ilikuwa ikihangaika kutafuta jua. Debora, fundi cherehani wa Mazwi, gauni la kitenge cha njano na sweta juu yake, aliingia kibanda cha chai, akaagiza chapati, akaviringisha yai ndani.

"Sandwichi yangu hii," akajisemea.

"Hiyo si sandwichi, dada." Alikuwa Alois, dereva wa bodaboda, koti kalifunga mpaka kidevuni. "Sandwichi ni mkate, slesi mbili."

"Nani kakupa ukaguzi wa vitafunwa?"

"Kwa hiyo na sambusa ni sandwichi?"

"Ni sandwichi iliyojifungia mlango."

Alois akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Tangu hapo simu hazikupoa.

"Mpenzi, na kitumbua je?"

"Beba abiria wako, Alois!"

Jumapili moja Alois akampeleka kijijini kwao. Mama yake, Bi Fransiska, akaandaa ugali wa ulezi na dagaa wa Kipili. Debora alikulia kwa wafugaji waliotoka Usukuma, nyumba ya utani mpaka kwenye sahani. Akabonyeza tonge, akajaza dagaa, akafunika kwa tonge jingine.

"Mama, sandwichi ya Ufipa!"

Bi Fransiska akanawa mikono, hakula tena. Ulezi ule kaulima mwenyewe. Kwake, anayeuchezea kaidharau nyumba. Alois akatazama sakafu.

Njiani Debora akauliza, "Mbona hukunitetea?"

"Kwetu chakula hakichezewi."

"Nilikuwa nafurahi, Alois. Hata hilo hukulisema."

Debora akaacha kupokea simu zake. Alois akawa anazunguka mji bila abiria, akipita kwenye duka la Debora la kushonea, anakuta pamefungwa. Mwishowe jirani akamwambia: Debora anahamia Mpanda kwa kaka yake, yuko stendi.

Alimkuta mlangoni mwa basi, injini inanguruma.

"Nimemwambia mama kwamba hukumdharau. Na kwamba nakuoa."

"Akasemaje?"

"Kanuna. Bado kanuna."

"Utanioa mama kanuna?"

"Nitakuoa. Kununa kwake ni mzigo wangu, siyo wako."

Konda akapiga bodi ya basi. "Dada, panda au tuachie mlango!"

Debora akamtazama Alois. Safari hii Alois hakutazama chini.

"Konda, nishushie begi langu. Lile la bluu." Akamgeukia Alois. "Ukinyamaza tena, napanda hili hili."

"Sinyamazi."

"Haya, anza kuongea. Nani atanifungulia duka?"