Giudoni ya Jumamosi

Kila Jumamosi Paulina aliamka mapema, akafagia uwanja, akachota maji, kisha akamwogesha mdogo wake, Gladness. Zamani kazi hizo zilikuwa za mama yao. Tangu mama azikwe wakati wa masika, nyumba yao ya Kibaoni, mjini Ifakara, ilikuwa imepoa. Baba yao, mzee Dionisi, alikuwa akirudi kutoka shamba la mpunga, anakula matonge machache, ananawa, ananyamaza.

Jumamosi hiyo Gladness alisukuma kando kikombe cha uji.

"Dada, nataka wali wa Kijapani. Ule wa mama."

Mama aliwahi kuwa mpishi wa mtaalamu wa mpunga kutoka Japani. Kwa mtaalamu huyo ndiko alikojifunza kupika giudoni: nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, inapikwa na vitunguu, tangawizi, sukari kidogo na sosi ya soya, halafu inamwagwa pamoja na mchuzi wake juu ya wali wa moto. "Ni rahisi kuliko pilau," alikuwa akisema. Chupa yake ya sosi ilikuwa bado kabatini. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

"Nitakupikia leo," Paulina alisema.

Baba alimpa hela ya nyama. "Ukitoka buchani uipike mapema. Joto la leo halina masihara." Akapanda baiskeli yake kwenda shambani.

Paulina alinunua nyama, akaiweka mezani ikiwa ndani ya mfuko wake. Kabla hajamenya hata kitunguu, wenzake walikuja kumwita uwanjani kucheza netiboli. Alimwacha Gladness kwa jirani, Mama Obed, akidhani hatakawia. Lakini mchezo ulinoga. Aliporudi, jua lilikuwa limeshapita utosini na nzi walikuwa wameuvamia mfuko. Nyama ilikuwa ikiteleza mkononi, na ilikuwa imeanza kunuka.

Alisimama pale mezani. Akiitupa, atamwambia nini baba? Na Gladness alikuwa ameshatoka kwa jirani, ameketi kizingitini, sahani mapajani, akisubiri.

Aliiosha nyama tena na tena. Alipoipika alitia tangawizi na sosi nyingi kuliko alivyokuwa akitia mama, mpaka harufu ikafichika. Gladness alikula, akalamba vidole.

"Kama ya mama kabisa! Wewe huli, dada?"

"Nimeshiba," Paulina alijibu, huku tumbo likimnguruma.

Jioni Gladness alianza kutapika. Akaharisha mpaka akashindwa kusimama. Mama Obed alimbeba mgongoni mbio hadi zahanati, Paulina akiwafuata, na baba akawakuta huko, miguu yake ikiwa bado na tope.

"Mtoto amekula nini leo?" aliuliza muuguzi, dada Brigitha.

"Kwangu nilimpa embe," Mama Obed alisema. "Labda ni zile embe zangu."

Baba alimgeukia. "Embe, Mama Obed? Mtoto mdogo hivi unampa embe bila kuziangalia?"

Mama Obed alijifuta machozi kwa pembe ya khanga. Paulina alimtazama, kisha akamtazama mdogo wake, aliyekuwa amelala midomo imemkauka.

"Si embe," alisema. "Ni nyama. Ilikuwa imeharibika. Nilijua, nikampa."

Dada Brigitha hakugomba. Aliuliza nyama ilikaa muda gani mezani, akamwita daktari, na Gladness akatundikiwa dripu.

Asubuhi Gladness alifumbua macho, akaomba maji, kisha akalala tena kwa utulivu. Baba alikuwa ameshamwomba radhi Mama Obed. Sasa alikuja kusimama karibu na Paulina.

"Baba, nilitaka aonje tena chakula cha mama."

"Najua. Hata mimi nilikuwa nakitamani." Baba alimfunika Gladness shuka vizuri. "Lakini mama yako angeitupa nyama ile, na tungekula wali na chumvi. Tangawizi inaficha harufu, mwanangu, haiondoi sumu. Na ukikosea, sema papo hapo. Ungesema mchana, tungepoteza nyama tu. Ulisema jioni, na mtoto ameteseka, na jirani yetu nimemsema bure. Na kama usingesema kabisa..."

Hakumaliza. Alibaki akikitazama kitanda.

"Nimekuelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Alimsogezea kigoda. "Kaa hapa karibu naye. Akiamka atakutafuta wewe."