Mitumbwi Iliyofunguliwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yasmini alichota maji, akafagia uwanja, kisha akatega sikio kujua mama yake, Mwanamina, ameamkaje. Siku nyingine mama alimkumbatia na kumwita roho yake. Siku nyingine, chai ikichelewa kidogo tu, alimwambia kwamba naye anataka kumkimbia kama baba yake. Yasmini alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini alikuwa amechoka kama mtu mzima.

Asubuhi moja mtumbwi wa jirani yao, Mzee Mtoro, haukuonekana. Mama alikuwa amegombana naye, akaufungua alfajiri, na maji ya kupwa yakauchukua. Ulikuwa wa tatu mwaka ule. Yasmini aliingia kwenye matope ya mikoko, akaurudisha, akasema kama kawaida kwamba fundo lililegea. Safari hii Mzee Mtoro hakukubali. Aliapa kuwa Mwanamina atahama kijiji chao cha Salale.

Mjomba Kibwana, ambaye alikwishampeleka dada yake mara mbili kupungwa pepo bila nafuu, aliogopa asije akafukuzwa, akamvusha yeye na Yasmini kwa boti, wakapanda gari hadi hospitali ya Kibiti. Njiani alimwonya Yasmini asitoe siri za nyumbani. Daktari alipouliza hali ilianza lini, mjomba alijibu kuwa ni pepo tu, limekuja juzi. Daktari akamgeukia Yasmini.

"Si juzi," Yasmini alisema, macho chini. "Tangu nipate akili. Mama akiogopa mtu atamwacha, yeye humfukuza kwanza. Kisha hulia. Na mitumbwi huifungua yeye. Mimi husema uongo."

Mjomba alikunja uso.

"Mtoto hajakosea," mama alisema. "Niko hivi tangu usichana wangu. Nimechoka, daktari."

Daktari hakukimbilia kuupa ugonjwa jina. Aliwaita mara tatu, akapima, akauliza mengi. Mwishowe alieleza kuwa ni ugonjwa wa haiba, yaani wa namna mtu anavyohisi na kuishi na wenzake: si pepo, wala si roho mbaya. Hakuna kidonge cha kuuondoa. Tiba yake kubwa ni mazungumzo na mshauri kila wiki, kwa muda mrefu.

Miezi sita ilipita. Mama bado hufoka, ila siku hizi huondoka kwanza, hutulia, ndipo hurudi kuzungumza. Alimwendea Mzee Mtoro mwenyewe, akakiri yote. Mzee alinung'unika sana, kisha akasema basi, abaki.

"Nilidhani kuficha ndiko kumheshimu dada yangu," mjomba alimwambia Yasmini. "Kumbe nilikuwa namzuia asitibiwe. Ukweli wako ndio uliomfikisha kwenye tiba, mjomba. Usiufiche tena, hata mimi nikikuambia."