Koki ya Mtungi wa Gesi

Kila alasiri baada ya masomo, Kidole alipitia chuoni kumsubiri shangazi yake waende nyumbani pamoja. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu hakuona kitu asikiguse. Shangazi alikuwa mtafiti. Alioka vidonge vya kauri kwenye tanuri la maabara, kisha akapima kama vinapitisha umeme.

Siku hiyo tanuri lilikuwa linapoa, na Kidole alikuwa anapambana na hesabu za sehemu. Hazikukubali. Isitoshe, mtungi wa gesi iliyoingia tanurini ulizomea bila kupumzika: sss, sss, sss.

"Aa, nawe!" alifoka. Shangazi alipotoka kidogo, Kidole aliinuka akafunga koki. Aliposikia viatu vya Shangazi mlangoni, akaifungua haraka.

Kesho yake alikuta maabara haikaliki. Vidonge vilivyotakiwa kuwa vyeusi vilikuwa vyeupe kama chaki, wala havikupitisha umeme. Shangazi alikuwa amebadilisha nyaya, amezirudisha za zamani, na sasa anaifumua mita ya kupimia umeme kwa bisibisi.

"Mashine hii itanitoa roho!" alisema. Mara fundi wa maabara akaingia. "Na wewe, umeniletea mtungi gani?"

"Ule ule wa siku zote, Dokta."

"Ule ule wapi? Gesi yako ina hewa! Nimechoka. Naenda kwa mkuu sasa hivi."

Fundi aliinamisha kichwa. Alikwisha kuonywa mara moja kwa kosa jingine. Kidole akasogea mbele.

"Shangazi, ni mimi."

"Ni wewe nini? Niache, mwanangu, sina nafasi."

"Jana nilifunga koki. Gesi ilikuwa inanipigia kelele."

Bisibisi ikasimama. "Inakupigia kelele," Shangazi alirudia polepole. "Na mimi nimefumua mita nzima! Ungesema tangu jana, nisingeshika hata waya mmoja!"

Akashusha pumzi, akachukua kidonge kimoja. "Hiki kina oksijeni ndani yake. Nikikioka kwenye gesi hii, kinapoteza kidogo, na chembe za umeme zinazobaki zinaweza kutembea. Gesi ikikatika, na hewa ikiingia kingali cha moto, oksijeni inarudi, na umeme haupiti tena."

"Vimeharibika kabisa?"

"Hapana. Tutavioka upya."

Kisha akamgeukia fundi. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekurukia bure."

"Yamekwisha, Dokta," fundi alisema, akamsaidia kufunga mita.

Vidonge viliokwa tena, na safari hii hakuna aliyegusa koki. Vilitoka vyeusi. Shangazi alipovipima, sindano ya mita iliruka, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu vile vya kwanza viharibike.

"Kufunga koki lilikuwa kosa la kitoto," alimwambia Kidole. "Kunyamaza ndiko kulikotaka kumponza mtu asiye na hatia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, sema hapo hapo, hata kama nitagomba. Na nitagomba!"