Ujumbe Aliousoma Bi Sanfa

Kach! Kach!

Ufunguo ulizunguka mara mbili gizani. Shazla akafumbua macho, akapapasa chini ya mto. Simu haipo. Akanyata hadi sebuleni, akajaribu mlango. Umefungwa.

"Unakwenda wapi alfajiri hii?" Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake, Bi Sanfa, kutoka jikoni.

"Mama, simu yangu unayo?"

"Ninayo. Na ufunguo ninao. Imthiyaz anashuka na boti ya asubuhi kutoka hotelini anakofanya kazi. Leo atamjua mke aliyemuoa."

Shazla akarudi kukaa kitandani, kando ya binti yake Rifga, wa miaka minne. Ghorofa ya tano, Malé, mji mkuu wa visiwa vyao, na dirisha lao linatazamana na ukuta wa jirani. Mwaka wa pili huu. Kwao ni Fuvahmulah, kusini kabisa, ambako watu wanasema kwa namna ambayo mtu wa Malé akiisikia hucheka kwanza, kisha huuliza maana. Bi Sanfa hakuwahi kucheka. Alipiga marufuku.

"Mtaharibu ulimi wa mtoto na hicho kilugha chenu!"

Tangu siku hiyo Rifga aliongea na mama yake tu, kwa kunong'ona, chini ya shuka. Mbele ya bibi, kimya.

Imthiyaz aliingia na begi begani, macho mekundu kwa uchovu. Hata chai hakumiminiwa.

"Mwanangu, kaa. Mkeo ana mtu."

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Kila siku yuko kwenye simu anaandika. Na anaandika kwa Thaana, herufi zetu za jadi! Wenzake wote wanachati kwa herufi za Kizungu. Yeye anaficha nini?"

"Sifichi kitu," Shazla alisema. "Herufi za Kizungu hazibebi sauti zetu. Namwandikia Dada Nuzuha kwa lugha ya kwetu."

"Dada mwenye ndevu huyo!"

Imthiyaz akamgeukia mkewe, sauti chini. "Shazla, kuna nini?"

"Ukiniuliza hivyo, Imthi, umeshaamini nusu."

"Muache," Bi Sanfa alisema. "Jumapili, wiki ya kazi ikianza, mahakama inafunguliwa. Mtoto atabaki kwangu."

Shazla akashika kiti. Mlango umefungwa, simu haipo, na sasa mtoto! Hasira ikamtoka kabla hajaifikiria.

"Basi usome huo ujumbe! Si wewe ndiye mwalimu?"

Kweli, nusu ya watoto wa mtaa ule walijifunzia kusoma barazani kwa Bi Sanfa. Akavaa miwani, akaufungua ujumbe kwenye simu. Kidole chake kikaanzia upande wa kulia, kikasogea taratibu kwenda kushoto. Na Thaana haimfichi mtu sauti: kila herufi ina alama yake juu au chini, hivyo anayejua kusoma hutamka hata asichokielewa. Bi Sanfa alisoma vizuri mno. Kila irabu ndefu aliivuta, kila herufi ya kupinda ulimi aliipinda, kama yuko mbele ya darasa. Lakini maana hakuipata, ila neno moja.

"Umesikia? Jina lako limo! Wanakusengenya!"

"Maana yake nini, Shazla?" Imthiyaz aliuliza.

Shazla akacheka kicheko kikavu. "Nikisema mimi, mtasema nimetunga. Tukimpigia dada, mtasema tumepanga. Niseme nini?"

Imthiyaz alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Bi Sanfa akavua miwani, mdomo umebana kama mtu aliyeshinda.

Pazia la chumbani likasogea. Rifga alisimama pale, nywele timutimu, anamtazama bibi yake kwa macho ya mshangao. Hakuwahi kumsikia akisema maneno ya chini ya shuka. Akatabasamu.

"Rudi ulale, mama," Shazla alimwambia haraka.

"Mwache." Imthiyaz akachuchumaa mbele ya mtoto. "Rifga, umeelewa alichosoma bibi?"

Mtoto akatikisa kichwa kukubali. Akamwangalia mama, akamwangalia bibi. Kisha, kwa Kimalé safi ambacho nyumba ile haikujua kama anacho, akasema kwa sauti:

"Mama amechoka kufungiwa humu, lakini haondoki bila baba."