Kichupa Chini ya Mtungi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zuena alifagia uwanja wa nyumba yao ya Temeke, akajaza maji mtungini, kisha akampelekea uji baba yake mdogo, Marijani. Alimpelekea nyuma ya jiko, maana kwenye mkeka wa kulia chakula hakukuwa tena na nafasi yake.

Marijani alifanya kazi kwenye kiwanda cha barafu. Kila akishika barafu vidole viligeuka zambarau na kumwuma mpaka machozi yakamtoka. Akiota moto, maumivu yalipungua. Basi watu wakasema anajifanya.

"Mwanamume mzima anaogopa baridi, na joto lote hili la Dar es Salaam," alisema Mwinjuma, baba yake Zuena, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Kazi nimemtafutia mie mwenyewe. Yeye anataka kushinda jikoni kama paka."

Majirani walicheka. Mama yake Zuena naye akamtengea shemeji yake bakuli lililopasuka.

Daktari Husseinali, mwenye zahanati ndogo hapo mtaani, hakucheka. Alieleza kuwa mwili hutengeneza protini za kupigana na maradhi, lakini kwa watu wachache baadhi ya protini hizo huwa na kasoro, zikaganda kwenye baridi na kuziba mishipa midogo.

"Kipimo kipo," alisema, "ila kina masharti mengi kuliko dawa ya mganga."

"Damu ikisema anaumwa, atakaa," akajibu Mwinjuma. "Ikisema mzima, arudi kwenye barafu au aondoke nyumbani kwangu."

Damu ilipotolewa, Mwinjuma alikataa kuipeleka Kariakoo kwa Bwana Zoeb, mpimaji wa damu. Akatumwa Zuena, mwenye miaka kumi na miwili. Daktari alizamisha kichupa cha damu kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya chupa ya chai.

"Usikitoe humu mpaka umkabidhi Bwana Zoeb," alimwonya.

Zuena alipita nyumbani kula. Alipofungua chupa kuchungulia, maji yalikuwa na joto, na joto lile likamtia wasiwasi. Kwao kila kitu cha kuharibika kiliwekwa kwenye mchanga baridi chini ya mtungi: tui, samaki, hata dawa ya macho ya bibi. Alimpenda baba yake mdogo, hakutaka damu yake ichache. Akakitoa kichupa, akakifukia mchangani, akala, kisha akacheza mdako na rafiki yake Hamisa. Baadaye alikirudisha kwenye maji akaenda Kariakoo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Imepoa njiani?" aliuliza Bwana Zoeb.

Ndipo Zuena alipojua amekosea. Akilini akauona mkono wa baba yake ukiinuka na fimbo.

"Haikupoa," akasema.

Baada ya siku tatu jibu lilikuja likiwa na muhuri wa Daktari: hakuna kilichoganda. Mwinjuma alilisoma barazani watu wakisikia. "Mzima kama ng'ombe," akasema, na watu wakacheka tena. Kesho yake alfajiri Marijani alirudi kiwandani, na Zuena akamtazama akienda.

Wiki ya tatu ncha za vidole viwili zilikuwa nyeusi. Hospitali wakavikata.

Zuena alikimbia zahanati, akasema yote huku akilia. Daktari Husseinali alichukua damu nyingine ya Marijani, akaipeleka mwenyewe ikiwa na joto. Bwana Zoeb alitenga maji ya damu na ile damu nzito, yangali na joto, akayaweka kwenye jokofu. Siku ya tatu Daktari alimwonyesha Zuena: chini ya kichupa kulikuwa na kitu cheupe kama tui lililoganda. Alikifumbata kichupa kiganjani, na baada ya kitambo kitu kile kikayeyuka.

"Ile ya kwanza, kitu hiki kiliganda palepale mchangani, kikatupwa pamoja na damu nzito," alisema. "Kipimo hakijui njiani kumetokea nini. Kukosea ulikosea kwa kutojua, na hilo dawa yake ilikuwa sindano moja tu. Ungesema siku ile, ningetoa damu upya. Ulipoficha, uliwapa watu uongo wenye muhuri wangu, mwanangu."

Mwinjuma aliposikia hakumpiga mtoto. Alikaa barazani, na siku hiyo hakuongea na jirani. Marijani alirudishwa mkekani, na jirani mmoja akampatia kazi kwenye tanuri la mikate, penye joto.

Zuena alimwomba radhi baba yake mdogo akiwa amepiga magoti. Marijani alimtazama, hakutabasamu.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini vifungo vya shati siviwezi tena. Utanifungia wewe kila asubuhi, ili usisahau kusema kweli mapema."

Akasogea karibu. Zuena akaanza na kifungo cha juu.