Ofisi ya Pili

Jumamosi moja mchana, katikati ya msukumano wa watu pale madukani Skärholmen, nchini Sweden, Alphonse alikuwa amepiga magoti akirekebisha mlango wa duka la viatu. Alikuwa seremala, mzaliwa wa Uvira. Mara akasikia mtu amesimama mbele yake. Alipoinua macho aliona koti la manjano, kilemba cha kitenge, na uso uliomsahaulisha skrubu aliyoibana kwa midomo.

"Kaka, kipande hicho cha mti wa björk unatupa?"

"Ni takataka, dada. Unataka kuwasha moto?"

"Nataka kukifanya kionyeshe kama kioo."

Alphonse alicheka mpaka skrubu ikamtoka mdomoni. "Haya, ukifaulu, niite!"

Wiki tatu baadaye aliitwa kweli. Yule dada, Dative, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma kabla ya kuletwa Sweden, alikuwa mtafiti wa chuo. Alimwekea Alphonse ubao mwembamba kiganjani, na Alphonse akaona mistari yote ya mkono wake kupitia ndani ya mti. Miaka kumi na minane alikuwa amepasua mbao na kuzipiga randa. Hakuwahi kufikiri kwamba mti ungeweza kupitisha mwanga namna ile. Machozi yakamlenga, wala hakuona aibu.

"Dada yangu, wewe ni mtu wa namna gani?"

"Wa kuokota takataka," Dative akajibu, na mapenzi yakaanzia hapo.

Miezi minane baadaye, jioni moja, Alphonse alimfuata maabarani. Akamsikia nyuma ya mlango akiongea na rafiki yake kwa simu.

"Muthoni, wananibembeleza kila siku. Nitakuwa na ofisi ya pili kule kwao. Sharti lao ni moja tu, hapa asijue mtu. Usinicheke, natamani."

Alphonse aliganda. Kwao Kongo, ofisi ya pili ni jina la hawara. Akageuka, akapanda treni hadi kwake Hjulsta, na kwa siku tisa hakupokea simu.

Siku ya kumi akapokea.

"Mpenzi, umenisusa kwa kosa gani?"

"Nenda kwa ofisi yako ya pili."

"Nani amekwambia habari za ile maabara?"

"Maabara gani?"

Dative akacheka, na kicheko kikageuka kilio. "Nisubiri stesheni, wewe mwanamume!"

Alifika na mkataba mkononi, wakakaa kwenye benchi. Chuo kimoja cha ng'ambo kilimwahidi mshahara mara mbili na maabara nzima, mradi afiche, awapelekee vipimo ambavyo havijachapishwa, na awavute kwao wanafunzi wake wawili. Lakini utafiti wake ulilipiwa na fedha za umma, za Sweden na za serikali kuu ya Marekani. Kesho yake alitakiwa kurudisha fomu ya kutaja kila kazi aliyonayo nje.

"Ingekuwa maabara yangu mwenyewe, Alphonse. Hapa nasubiri zamu ya mashine."

"Kwani kufanya kazi na wageni ni kosa, chérie wangu?"

"Hapana. Tunashirikiana nao wengi, tunawataja kwenye fomu, wakubwa wanapitia. Hawa hawataki niwataje."

"Basi ni ofisi ya pili kweli. Baba yangu alikuwa nayo. Mama hakuumizwa na yule mwanamke kama alivyoumizwa na kufichwa."

Dative aliukunja ule mkataba. Kisha akatoa simu, akawaandikia watu wa chuo kile barua fupi ya kukataa, kisha akaifungua fomu humo humo, akaeleza kwamba alifuatwa na amekataa. Alikuwa akiiaga maabara aliyoiota tangu Kigoma. Alphonse alimtazama kwa mshangao uleule wa siku ya ubao.

"Na wewe?" Dative akauliza, akifuta macho. "Mama yako ananijua?"

Alphonse akainama. Miezi minane yote, kwa kuogopa maswali, hakuwa amemtajia mama yake hata jina la Dative.

Akapiga simu Uvira palepale, akafungua spika.

"Maman, niko na mtu hapa. Anaitwa Dative, ni Mrundi. Nataka kumuoa, kama atakubali."

Dative akajiziba mdomo. Treni iliingia, watu wakashuka na mifuko yao, wakawapita.

"Mpe simu," sauti ya mama ikasema. "Nimuulize mwenyewe."