Vipimo vya Machi

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja na kuwapa nguruwe pumba, Gwantwa alitakiwa kushuka kijitoni na daftari. Alikuwa darasa la sita pale Ibaba. Mwalimu Ambilikile alimchagua yeye kwa sababu nyumba yao ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na maji. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kusoma namba kwenye nguzo iliyosimikwa majini, kuiandika, kisha kukimbilia shule.

Kijito hicho kilikuwa na tabia mbaya. Kila masika kilimega ukingo. Kilianza na mianzi ya Bibi Tukuswiga, bibi yake Gwantwa, kikaingia kwenye maharage, na sasa zilibaki hatua kumi na moja tu kufika mlangoni mwa jiko. Ndiyo maana kijiji kiliomba kijengewe ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa waya. Mtaalamu mmoja kutoka mjini, Bwana Gasper, alikuja mwezi wa nane akachora mpango. Kilichobaki ni kibali cha mazingira.

Siku ya kuukagua mpango huo, watu walijaa ofisi ya kijiji hadi wengine wakasimama madirishani. Afisa mazingira, Mama Ferista, aliusoma ukurasa kwa ukurasa, kalamu mkononi. Alipotaja urefu wa ukuta, mita moja, Bibi Tukuswiga akasimama.

"Mita moja? Mwezi wa tatu maji yalifika kwenye banda langu la nguruwe. Hicho ni kizingiti, mwanangu, si ukuta."

Bwana Gasper alijibu bila kumtazama kwamba maneno ni maneno, yeye alichora kwa vipimo. Hapo ofisi ikachemka. Mmoja akamwita "mtaalamu wa kiangazi." Mwingine akamuuliza kama viatu vile vimewahi kukanyaga tope. Bibi akakumbusha kwamba alimwonyesha alama ya maji kwenye ukuta wa banda, naye akacheka tu. Gwantwa alikuwa amekunja ngumi. Alimchukia mtu yule kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Bwana Gasper akatoa daftari mkobani, akalibwaga mezani. "Vipimo hivi hapa. Vimetoka shuleni kwenu wenyewe."

Ngumi za Gwantwa zikalegea.

Mama Ferista alilifungua. Mwezi wa tatu wote ulisomeka sentimita sitini, sitini na mbili, sitini na moja. Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Daftari la masika," akasema taratibu, "na halina hata tone moja la mvua. Nani aliandika?"

"Mjukuu wangu," Bibi akadakia. "Na huyu hasemi uongo. Muulizeni huyo bwana amezibadilisha lini hizo namba."

Watu wakaitikia kwa kelele. Mtu akagonga meza. Bwana Gasper akaanza kutoka jasho, akitazama mlango.

Gwantwa alizikumbuka asubuhi zile. Ukungu, baridi, njia inayoteleza, na moto wa jikoni unaovuta. Siku za mvua hakushuka kabisa. Alikaa jikoni, akachukua namba ya jana, akaongeza moja au akapunguza moja ili ionekane ya kweli. Mwalimu alisaini na kumsifu kwa usafi wa daftari. Sasa angeweza kunyamaza tu, mzigo wote ukamwangukia mtu asiyempenda. Lakini watu wa kibali wangeamini nini kesho, kelele za kijiji au daftari? Ukuta wa mita moja ungejengwa, na maji yangeingia jikoni kwa Bibi.

"Bibi, ni mimi," akasema. "Namba za siku za mvua nilizitunga."

Bibi alimtazama, kisha akaketi. Afadhali angempiga.

Mama Ferista alikasirika na hakuficha. Alimwambia Bwana Gasper kwamba mtu anayecheka akionyeshwa alama ya maji hafai kuchora ukuta. Alimuuliza mwalimu alikuwa anasaini nini. Kisha akakataa kuupitisha mpango, akawapeleka wote kijitoni. Walipima alama ya tope kwenye banda, wakapima na mabua ya mahindi yaliyonasa kwenye matawi. Gwantwa ndiye aliyeshika ncha ya futi. Kutoka chini ya nguzo, maji yalikuwa yamefika mita moja na sentimita themanini.

Baada ya wiki tatu mpango ulirudi ukiwa na ukuta wa mita mbili na nusu, na safu ya mianzi na matete nyuma yake. Mama Ferista akausoma tena wote, ndipo akatoa kibali.

Muda wote huo Bibi alimsemesha Gwantwa kwa kumtuma tu: lete maji, washa moto. Siku ya kibali walikuwa wanachambua maharage, ndipo akasema.

"Bado nimekukasirikia. Mvua ilipokushinda, ungesema imekushinda, ningejifunika mwavuli tukashuka wote. Lakini namba ukishaiandika, kuna mtu atajenga kwa kuiamini, na mwingine atalala nyuma ya ukuta huo akijua yuko salama." Akatupa haragwe bovu. "Na hapa kwetu, wa kulala ni mimi."